Vidonge vya Jioni

Bei ilipotajwa, Anatoli alidhani yule binti wa dirishani anamsomea namba ya simu. Akasubiri amalize. Binti hakuwa na cha kuongeza. Akairudia, safari hii taratibu, kama mtu anayezungumza na kiziwi: dola mia sita arobaini na moja na senti kumi na nane.

"Za vidonge vingapi?" Anatoli aliuliza.

"Sitini. Vya mwezi mmoja."

Nyuma yake foleni ilikuwa na watu wanne. Mmoja aliguna. Binti, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza kama mgonjwa ana bima. Anatoli akatoa kadi ya bima ya kazini kwake. Binti akabofya kompyuta, akasema jina la mgonjwa halimo. Akauliza kama basi yumo kwenye bima ya serikali ya wazee. Anatoli akasema mgonjwa ni mama yake, ni mgeni, amekuja kutembea tu. Neno hilo la mgeni alilitamka kwa sauti ya chini, lakini dirisha la dawa ni mahali ambapo wote walioko kwenye foleni hukaa kimya na kusikiliza ugonjwa wa mwenzao.

Mwishowe alijipapasa mifuko ya nguo zake za kazi, zilizoshonwa jina la majengo ya kupanga kule Greenbelt alikokuwa fundi wa mabomba, akasema amesahau pochi kwenye gari. Akatoka, akawasha gari, akaondoka. Pochi ilikuwa mfuko wa nyuma, ameikalia.

Mama yake, mwalimu mstaafu Euphrasia, alikuwa na wiki mbili Lanham, Maryland. Alitoka Bukoba kuja kumsimamia mjukuu wake Jacqueline kipaimara, kisha arudi. Moyo wake ulikuwa unapiga bila mpangilio, na kwa miaka minne alimeza kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni ili damu isigande ikampanda kichwani. Kule alikinunua kwa pensheni yake, na hela ya sukari ilibaki. Wakati anafunga sanduku alipiga simu kuuliza abebe dawa za miezi mingapi. Anatoli alicheka.

"Mama, unataka kuleta dawa Marekani? Acha hizo za Wahindi. Huku ndiko ziliko dawa zenyewe. Kimoja cha huku ni sawa na viwili vya huko."

Hakuona kwamba anadanganya. Kwa miaka kumi na miwili, kila msafiri aliyepita alimtwisha mfuko wa kupeleka nyumbani: vitamini, dawa za maumivu, za kikohozi, za kuchua magoti. Na kila mfuko aliusindikiza kwa maneno hayo hayo, mpaka mtaa mzima kule Bukoba ukayaamini kuliko alivyoyaamini yeye mwenyewe. Basi mama akabeba vidonge vya safari na vya wiki mbili tatu za kufikia. Boksi mbili zilizobaki akampa jirani yake Vumilia, ambaye naye moyo unamsumbua. Nafasi iliyobaki sandukuni akaijaza senene.

Senene waliliwa wiki ya kwanza. Vidonge vilikuwa vimebaki vinane.

*

Anatoli alimkuta sebuleni anatazama televisheni na Jacqueline. Mama alikuwa na lalamiko. Tangu afike hajaona nchi inayotangaza dawa kama hii. Habari kidogo, dawa. Mpira kidogo, dawa. Mtu anapiga makasia ziwani, anacheka, kumbe mgonjwa. Mwanamke anakimbia na mbwa, kumbe mgonjwa. Halafu sauti inataja mbio mbio kwamba dawa hiyo inaweza kukuua, na mbwa bado anarukaruka.

"Bibi, they're actors," alisema Jacqueline, aliyesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

"Anasema ni waigizaji," mama alimwambia Anatoli, ingawa alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini. "Sasa mbona na dawa yangu ipo? Nimeiona. Jina kubwa silijui, lakini jina dogo la chini ni lile lile la boksi langu. Mzee na mkewe wanacheza dansi kwenye bustani, halafu wananiambia nikamwulize daktari wangu. Daktari wangu ndiye aliyeniambia mimi. Nani anamwuliza nani?"

Anatoli akacheka kwa kujilazimisha.

"Umeipata?"

"Kesho, Mama. Wameagiza."

Mama akamtazama kwa yale macho aliyozoea kumtazamia mwanafunzi aliyeacha daftari nyumbani. "Dawa inayotangazwa namna ile haipo dukani?"

*

Jumamosi alikuja Riyadh. Alikuwa kijana wa Unguja, mfamasia huko Columbia, na ndiye mtu ambaye Watanzania wa pande zile walimpigia simu kabla ya kumpigia daktari, maana yeye hatozi. Edna, mke wa Anatoli, ndiye aliyemwita bila kumwambia mumewe sababu. Mama Euphrasia alimtolea kibati cha senene wachache aliokuwa amewaficha kwa ajili ya wageni. Riyadh akakipokea kwa mikono miwili, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Bibi, mie panzi sili. Nitakufa kabla sijaoa, wallahi."

"Ndiyo maana hujaoa," alisema mama, na nyumba nzima ikacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nje, karibu na gari, hakuna aliyecheka. Anatoli alieleza alivyozunguka madirisha manne. Riyadh alikuwa anajua jibu la kila dirisha kabla hajalisikia. Kadi ya punguzo ya kampuni ya dawa ni ya mwenye bima. Msaada wa kampuni kwa maskini ni wa mkazi. Bima ya wageni haigusi ugonjwa uliokuja na mgeni. Ile dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ya dola nne, Anatoli mwenyewe alisema iliwahi kumtoa mama damu puani kule Bukoba na daktari akaikataza.

"Lakini ni kidonge," Anatoli alisema. "Kidogo hivi. Kule anakinunua kwa pensheni. Kwa nini hapa?"

Riyadh aliegemea gari. Swali hilo aliulizwa kila siku na watu waliokuwa wanalia, na alikuwa amechoka kulijibu kwa adabu.

"Hiyo si bei, kaka. Aliyeitengeneza ana hati, mwengine haruhusiwi kuitengeneza hapa mpaka miaka ipite. Basi anaandika anachotaka. Bima hainunui kwake moja kwa moja, kuna wakala katikati. Wakala anamwambia, andika juu, halafu nirudishie kipande mlango wa nyuma. Bei ikipanda na kipande chake kinapanda. Sasa nani atasema ishuke? Halafu kuna wale wanaocheza dansi kwenye televisheni, nao wanalipwa. Kuna mawakili. Mimi mwenyewe nalipwa. Wote tunakula. Na wote tuna bima, hatuilipi bei ile. Anayeilipa kama ilivyoandikwa ni yule asiye na mtu."

"Serikali je?"

"Serikali juzi tu ndiyo imeruhusiwa kubishana bei. Dawa chache, na kwa wazee wake. Mama yako si mzee wake."

Anatoli akatazama dirisha la sebule, alikoonekana mama yake akimsahihisha Jacqueline kitu kwenye karatasi.

"Mwanzo na mimi nilidhani watu hapa wanatumia pesa nyingi kwa dawa kwa sababu wanaumwa sana," Riyadh alisema. "Wanatumia nyingi kwa sababu wanazo, na kwa sababu hakuna anayeulizwa imegharimu nini kuitengeneza. Kinachoulizwa ni wewe unaogopa kufa kiasi gani." Akashusha sauti. "Sasa nisikilize. Kuna dada wa ubalozini anarudi kutoka Dar Alhamisi. Namjua. Piga simu Bukoba, boksi mbili zipande basi kesho, zitamwahi. Zinakaa kwenye mkoba wake bila taabu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia, na ilikuwa nyeupe. Anatoli aliiona. Aliiona pia simu ikipokelewa, mjomba akiuliza mara mbili kama amesikia sawa, mtaa ukipata habari kabla ya jua kuzama: mtoto wa Mwalimu Euphrasia, yule wa Marekani, anaomba atumiwe dawa.

"Niwaambie nini? Kwamba Marekani hakuna dawa?"

"Waambie ipo."

"Halafu?"

Riyadh akatoa funguo mfukoni. Akafungua mlango wa gari. "Nyie Wahaya mtakufa na sifa zenu," alisema, kama utani wa siku zote.

Dada wa ubalozini alirudi Alhamisi. Mkoba wake ulikuwa na nafasi.

*

Edna alikuwa analea wazee majumbani. Kwa mwaka mmoja na nusu alimtunza Bwana Christopher, mhandisi mstaafu aliyeishi peke yake Columbia katika nyumba yenye vyumba vitano. Bwana Christopher alifariki Jumatano asubuhi, kwa amani, akiwa amekunywa nusu ya kahawa yake. Alhamisi Edna aliitwa kusafisha.

Katika kabati la bafuni dawa zilipangwa kama dukani. Zilikuwa zinakuja zenyewe kwa posta kila baada ya miezi mitatu, azimeze asizimeze, na bima ilikuwa inalipa. Rafu ya pili Edna aliona jina alilokuwa amelitazama wiki nzima kwenye cheti cha dawa cha mama mkwe. Chupa tatu. Mbili hazijafunguliwa.

Msimamizi wake, nesi Adela kutoka Nakuru, alikuwa amekuja na fomu. Binti wa marehemu alikaa kwenye kiti cha jikoni na leso mkononi. Adela akaeleza utaratibu: dawa zote zimiminwe kwenye mfuko wa plastiki, zichanganywe na machicha ya kahawa na maji, zitikiswe mpaka zisitambulike, kisha zitupwe, na watu wawili waweke sahihi.

Edna aliziokota zile chupa tatu, akasimama nazo. Akamwuliza binti wa marehemu, kwa Kiingereza alichokipanga tangu bafuni, kama angeweza kupewa hizi, kwa sababu mama mkwe wake anatumia hizi hizi na zimemwishia. Binti alinyanyua uso, na kwa sekunde moja alionekana mtu anayetaka kusema ndiyo. Kisha akamtazama Adela.

Adela akajibu kwa Kiswahili, bila kuinua macho kutoka kwenye fomu. "Edna, wacha hiyo. Usinifanyie hivyo mbele ya mteja. Hizi ziko na jina ya mtu."

"Mwenyewe amekufa, dada."

"Ndiyo sababu zinaharibiwa. Wakijua, cheti yangu imeenda, na yako imeenda. Na mimi pia niko na mama."

Machicha yalikuwa bado kwenye chujio, ya kahawa ambayo Bwana Christopher hakuimaliza. Edna akayakung'utia mfukoni. Akafungua chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vidonge vilimiminika kwa sauti ya mvua ndogo juu ya bati. Akaongeza maji, akafunga mfuko, akatikisa. Adela alihesabu dakika kwenye simu. Vidonge viligeuka tope, na harufu ikawa ile ya jikoni kwa mkwewe kule Bukoba, ambako kahawa ndiyo iliyomsomesha Euphrasia mpaka akawa mwalimu.

Akaweka sahihi. Binti wa marehemu alimshukuru kwa kila kitu, akampa mfuko wa soksi mpya za baba yake.

*

Jioni ile Edna alimweleza mumewe jikoni, mikono ikiwa bado inanuka kahawa.

"Ungechukua hata chupa moja," Anatoli alisema.

"Ungepiga simu Bukoba."

Edna akafungua bomba, akanawa tena. Mlango wa chumba cha mama, mwisho wa korido, ulikuwa wazi kiasi cha kiganja.

Asubuhi yake Anatoli alipiga simu kwenye ukumbi waliokuwa wameukodi kwa sherehe ya kipaimara, akaufuta, akaacha robo ya fedha kama faini. Akanunua dawa dirisha la Greenbelt, si la Lanham, ili asikutane na yule binti. Alilipa kwa kadi, na kadi ilipokubali alijisikia amefanya jambo kubwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeponya mtu.

"Ukumbi umefurika maji," alimwambia mama. "Bomba limepasuka. Tutakula hapa hapa nyumbani."

"Na wewe ndiye fundi wa mabomba," alisema mama.

Akapokea mfuko wa dawa. Edna alitaka kumpangia vidonge kwenye kile kisanduku chenye siku za wiki. Mama akakataa, si kwa ukali. "Nimefundisha watoto wa wilaya nzima, Mama Jacque. Nitashindwa kujipa kidonge?"

Chumbani alivaa miwani. Risiti ilikuwa imebanwa kwenye mfuko. Akaisoma mbele, akaigeuza, akachukua penseli, akafanya hesabu ya shilingi nyuma yake, kwa mpangilio, kama ubaoni. Jibu lilikuwa karibu pensheni yake ya nusu mwaka. Akairudia hesabu, maana mwalimu hulitilia shaka jibu lake kwanza. Likatoka lile lile. Akaikunja risiti mara nne.

Tangu siku hiyo nyumba ilitulia. Mama alimeza kidonge chake mezani kila asubuhi, mbele ya wote, akakisukuma kwa chai. Cha jioni alikwenda nacho chumbani na glasi ya maji. Aliacha kutazama televisheni. Alimfundisha Jacqueline sala ya Roho Mtakatifu kwa Kiswahili, na Jacqueline aliisoma kwa lafudhi ya watangazaji wa redio za kule kule Maryland. Siku moja Anatoli, huku akitazama sakafu, aligusia habari ya zawadi za kupeleka nyumbani, kwamba mwaka huu mambo yamebana kidogo. Mama akamkatisha.

"Usininunulie kitu, mwanangu. Zawadi nimeshapata."

Anatoli akashusha pumzi. Hakuuliza zawadi gani.

*

Kipaimara kilifanyika Jumapili, siku ya ishirini na nne tangu dawa inunuliwe. Kanisa lilijaa Wasalvador, Wafilipino, Wanigeria, na safu moja ya Watanzania waliovaa vitenge vya sare. Watoto walipanga mstari katikati, kila mmoja na msimamizi nyuma yake, mkono wa kulia wa msimamizi juu ya bega la mtoto. Mwalimu Euphrasia alisimama wima katika gauni lake la bluu. Edna alikuwa anapiga picha. Anatoli alikuwa anamwangalia mama yake na kuwaza kwamba, pamoja na yote, amefanikiwa. Amemleta, amemtibu, atamrudisha mzima wiki ijayo, na Bukoba hawatajua kitu.

Askofu alichovya kidole kwenye mafuta. Aliuliza jina. Jacqueline akalitaja. Askofu akamwandika msalaba kwenye paji la uso, na wakati huo huo Jacqueline akahisi mkono wa bibi unateleza begani. Uliteleza polepole, ukashuka mgongoni, ukaning'inia. Aligeuka. Uso wa bibi ulikuwa umeinama upande mmoja, na bibi alikuwa anajaribu kusema jambo ambalo halikuwa neno.

"Bibi, simama," alisema Jacqueline kwa Kiswahili. "Bibi, simama. Usianguke hapa."

*

Kilichofuata kilikwenda kwa kasi ambayo Anatoli hakuwahi kuiona nchi ile ikimtendea. Gari la wagonjwa lilifika kabla mishumaa haijazimwa. Hospitalini hawakuuliza kadi. Watu sita walimzunguka mama. Walimwingiza kwenye mashine ya kupiga picha kichwa, wakamtoa, wakamwingiza nyingine. Daktari bingwa alizungumza kupitia kioo cha kompyuta, kutoka mji mwingine. Walipitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye ubongo, wakalitoa bonge la damu dogo kama punje ya mtama. Nchi iliyomnyima kidonge cha dola kumi ilimpa chumba chenye kitanda kinachojigeuza chenyewe, nesi wa usiku na nesi wa mchana, na dirisha linalotazama bustani ambayo hakuweza kugeuza shingo aione. Kukataa kidonge kulikuwa halali. Kukataa kitanda kulikuwa kinyume cha sheria. Jumla yake Riyadh aliiita kichaa chenye risiti.

Jumatatu alikuja mwanamke mwenye sauti nzuri na karatasi kwenye ubao. Akamwonyesha Anatoli makadirio. Ilikuwa namba ndefu, na safari hii hakuidhania ya simu.

Daktari alikuwa na swali lake. Bonge namna hii halikutazamiwa kwa mtu anayemeza dawa ile. Je, mgonjwa alikuwa anaimeza?

"Asubuhi na jioni," Anatoli alisema. "Nimeinunua mimi mwenyewe. Naapa."

Daktari akaomba aletewe chupa. Edna akaenda Lanham kuichukua. Aliimimina mezani, akavipanga viwili viwili, mwezi mzima ukiwa kichwani mwake. Siku ishirini na tatu zimepita, vimebaki kumi na vinne. Hesabu ilikuwa sawa sawa, haikukosa hata kimoja. Akashukuru Mungu, halafu akaogopa, kwa sababu kama alimeza vyote, basi hakuna cha kulaumu. Akafungua sanduku la mama mkwe kumchukulia khanga ya kujifunika, maana hospitalini kulikuwa na baridi. Khanga ya juu ilikuwa na fundo pembeni, lile ambalo wanawake hufungia hela. Fundo lilikuwa zito.

Hakulifungua pale. Alilileta kama lilivyo, akalifungulia juu ya shuka ya hospitali, mbele ya Anatoli, mama akiwa macho, mdomo wake umefungwa na ugonjwa.

Vidonge ishirini na vitatu, ndani ya kipande cha plastiki. Na risiti, imekunjwa mara nne. Nyuma yake, chini ya hesabu ya shilingi, mwandiko wa ubaoni, herufi zilizosimama wima: *Vya Vumilia. Kimoja kwa siku kinatosha, ni vya Marekani.*

Anatoli alisoma. Akasoma tena. Edna alikaa kwenye kiti akatazama ukuta.

Mkono wa kushoto wa mama, uliokuwa mzima, ulisogea juu ya shuka. Walidhani anataka kushikwa. Haukuja kwao. Ulivikusanya vidonge, kimoja kimoja, ukavirudisha kwenye plastiki, ukavuta pembe ya khanga, ukajaribu kufunga fundo. Fundo halifungwi kwa mkono mmoja. Alijaribu mara tatu, akamtazama mwanawe amsaidie.

*

Simu ya Bukoba Anatoli aliipiga kutoka koridoni. Vumilia ndiye aliyekaa na funguo za nyumba ya mama, ndiye wa kuambiwa kwanza. Alilia, akataja majina ya watakatifu, akauliza kama mgonjwa anaongea. Anatoli akasema haongei. Vumilia akauliza kama anakula. Anatoli akasema kwa mrija. Kisha, kwa kuwa moyo ulikuwa umemjaa na hakuwa na mahali pengine pa kuumwaga, akamwuliza yeye anaendeleaje, na kama zile dawa mama alizomwachia zimemsaidia.

"Zile?" Vumilia alisema. "Zipo kabatini, sijazifungua. Boksi zote mbili. Nilisema acha nivumilie kidogo, nimsubiri na hizo za huko kwenyewe. Aliniahidi."

"Mama Vumilia, zimeze hizo."

"Si wewe mwenyewe ulisema, mwanangu?"

Anatoli aliegemea ukuta. Nesi alipita na toroli la dawa, droo zake zina majina ya watu. "Nilikosea," alisema. "Ni zile zile. Hazina tofauti. Zimeze leo, asubuhi na jioni. Ni dawa zile zile, nakwambia."

Vumilia alisema kwa upole, upole wa mtu mzima aliyenyimwa kitu na hataki kuonyesha.

"Haina neno, mwanangu. Kama ni ghali kutuletea, ungesema tu."